Kuifuatilia nyumba kongwe ya shamba Unguja na Pemba: kutoka ukutani hadi kwenye khati

Kila anayekuta gofu la mawe katikati ya mikarafuu huuliza swali lile lile: "Hii nyumba ya nani?" Nakuomba swali hilo uliweke kando kwanza. Visiwani kwetu lina majibu matano, na yote yanaweza kuwa ya kweli kwa wakati mmoja. Yuko aliyekuwa na ardhi. Yuko aliyekuwa na miti, maana kwetu mnazi au mkarafuu unaweza kuwa na mwenyewe na udongo unaoushika ukawa na mwingine. Yuko aliyegharimia ujenzi, na mara nyingi huyo alikuwa akikaa mjini, akija shamba msimu wa karafuu tu. Wako waliokaa humo siku zote: msimamizi, nokoa na kadamu waliomsaidia kuongoza kazi, na watumwa waliobeba mawe yenyewe. Na yuko aliyepewa ardhi baada ya Mapinduzi ya 1964. Ukiuliza "ya nani" utapewa jina moja, na wengine wanne watakupotea.

Mwongozo huu ni wa kuwapata wote watano. Nimeupanga kwa mfuatano ninaoufuata mwenyewe: ukuta kwanza, kisha uwanja, kisha wazee, karatasi mwisho. Wengi huanza na karatasi. Nami nilianza hivyo, nikawa nasoma khati, yaani hati ya zamani ya mali, bila kujua inazungumzia nyumba ipi.

Kwanza: ruhusa na zana

Anza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji. Gofu linaweza kuwa halina mtu, lakini ardhi ina mtu: kuna mwenye eka tatu zake, kuna anayelima mihogo ndani ya ua wa zamani. Sheha akishakujua, atakufikisha kwa wenyewe. Kama jengo ni miongoni mwa yanayolindwa, pitia pia Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Na usichimbe hata kidogo. Kigae cha sahani kikitolewa kilipolala bila kuandikwa kilikuwa wapi na juu ya nini, hakina tena la kukwambia.

Chukua utepe wa kupimia, daftari la miraba, penseli, tochi, simu iliyojaa chaji, na viatu vya kufunika mguu. Usiende peke yako. Hatari kubwa katika mashamba haya ni visima na mabirika yaliyofunikwa na majani, na zaidi ya hayo ni kuta zilizopasuka zinazoshikiliwa na mizizi. Tembea na fimbo, ugonge mbele yako kabla ya kukanyaga.

Pili: chora, kisha pima

Chora ramani ya nyumba kabla ya kupiga picha. Mkono ukichora, jicho halina budi kuona: mlango ulioziba, ukuta usiolingana na mwenzake, ngazi inayokwenda pasipo na kitu. Kisha pima kila chumba, urefu, upana na unene wa kuta.

Utashangaa na upana. Chumba baada ya chumba utapata mita 2.5, mita 2.8, mita 3, hata katika nyumba ya tajiri mkubwa. Sababu ni boriti. Dari na paa la bapa vilibebwa na boriti za mikoko, na juu yake vikalazwa mawe, kokoto na chokaa, uzito mkubwa kabisa. Boriti ya mkoko ikizidi urefu huo hupinda au huvunjika. Kwa hiyo aliyekuwa na fedha alirefusha chumba, hakukitanua. Ukikuta chumba cha mita 4 au 5, simama hapo. Tafuta alama ya nguzo za katikati, au tao, au mihimili ya mbao ngumu au chuma iliyoagizwa kutoka nje. Mara nyingi hapo ndipo nyumba ilipobadilishwa, au ndipo fundi wa aina nyingine alipoingia.

Tatu: usome ukuta

Hatua hii usiiharakishe. Ipe siku nzima, na kama unaweza, siku mbili: asubuhi na jioni, kwa sababu jua la ubavuni huonyesha mabonde na viraka ambavyo jua la saa sita huvifuta.

Tazama mahali ambapo lipu imeshaanguka yenyewe. Ndani utaona mawe ya matumbawe, na kati yake ama udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa, ama chokaa nyeupe yenye mchanga. Isogelee kwa tochi. Chokaa yetu ya zamani ilichomwa kwenye tanuu la wazi, mawe yamepangwa juu ya magogo, kwa hiyo vipunje vyeusi vya makaa vimebaki humo, vidogo kama mbegu za papai. Saruji haina makaa. Ni ya kijivu, rangi moja, ngumu kwa ukucha. Ukiona kiraka cha saruji juu ya chokaa, hayo kwa kawaida ni matengenezo ya karne ya 20 au ya baadaye, na mara nyingi utaona ukuta umeliwa pembeni yake, kwa sababu saruji huzuia unyevu usitoke na chokaa iliyo jirani huchoka. Chora viraka vyote kwenye ramani yako kwa rangi nyingine.

Sasa inua macho. Mstari wa matundu yaliyopangwa sawasawa juu ya ukuta ni mahali zilipokaa boriti. Kama juu ya matundu hayo kuna kikuta kifupi chenye mlizamu wa kutolea maji, paa la kwanza lilikuwa la bapa, la chokaa iliyopondwa. Mvua za masika hazikuyahurumia mapaa hayo, na nyumba nyingi baadaye zikapandishiwa paa la mgongo, la makuti au mabati, juu ya lile la zamani. Utaliona kwa kuta za pembeni zilizoongezwa kuwa pembetatu, zikiwa na udongo au mawe tofauti na ya chini. Hapo una nyumba mbili kwa pamoja. Ziandike mbili.

Kama kuna vigae vya paa vilivyoanguka, vigeuze uangalie muhuri chini yake. Vigae vyekundu vya Mangalore, India, vililetwa sana pwani yetu. Kiwanda cha kwanza cha vigae hivyo, cha Basel Mission, kilianza 1865, kwa hiyo chenye jina hilo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo. Lakini mwaka uliopigwa kwenye kigae unaweza kuwa mwaka wa kuanzishwa kiwanda, usiuchukue kuwa ndio mwaka wa nyumba.

Vidaka, yaani vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu, vihesabu na uvipime. Chumba chenye vidaka virefu vilivyopangwa kwa ulinganifu kilikuwa cha wageni au cha wenye nyumba. Huko ndiko kaure, vioo na saa vilikowekwa. Chumba kisicho na kidaka, chenye lipu ya mkono tu na kidirisha cha juu, kilikuwa cha stoo au cha watu wa kazi. Nimewahi kukiona chumba cha namna hiyo huko Pemba, na nyuma ya mlango wake, kimo cha kiuno, chokaa ilikuwa na alama ya vidole vinne vilivyoburutwa ikiwa bado mbichi. Mwenye mkono ule hayumo katika khati yoyote. Nilipima alama, nikaichora, nikaandika urefu wake kutoka sakafuni. Naye ni mtu wa nyumba ile.

Mlango nao una mtego wake, na mimi umenikamata. Nilikuta mlango wa nakshi, juu yake aya na mwaka wa Hijria, nikafurahi, nikaandika kuwa nyumba imejengwa mwaka huo. Miezi minne baadaye bibi mmoja jirani akaniambia mlango ule uliletwa kwa gari la ng'ombe kutoka nyumba nyingine iliyobomoka. Nikarudi. Kumbe ushahidi ulikuwa wazi: fremu ilikuwa fupi kuliko tundu la ukuta, na pengo la juu limezibwa kwa mawe na udongo usiofanana na ukuta. Basi kagua fremu inavyokaa ukutani kabla ya kuamini maandishi. Mtindo wenyewe nao husaidia kiasi: juu palipo bapa huwa ni mtindo wa Kiarabu wa zamani, palipo tao na nakshi za maua zilizojaa ni athari ya mafundi wa Kihindi, iliyoenea zaidi mwishoni mwa karne ya 19.

Ili jicho lizoee, zitembelee kwanza nyumba ambazo historia yake inajulikana. Mtoni, jumba la Sultani Sayyid Said bin Sultan lililojengwa kuanzia 1828, kwenye ardhi iliyokuwa ya Saleh bin Haramil. Hapo ndipo alipozaliwa binti yake, Sayyida Salme, mwaka 1844, na moto wa 1914 uliunguza sehemu kubwa. Kidichi, hamamu (nyumba ya kuogea) ya 1850 yenye nakshi za chokaa za maua na ndege, aliyojengewa mke wa Sayyid Said aliyetoka Uajemi. Baada ya Kidichi nenda Kizimbani siku hiyo hiyo, uione hamamu isiyo na nakshi, ulinganishe kazi mbili za zama zinazokaribiana. Maruhubi, jumba la Sultani Sayyid Barghash la miaka ya 1880, lililoungua 1899 na kubaki nguzo. Na Dunga, kwa Mwinyi Mkuu (mtawala wa wenyeji wa Unguja) Muhammad bin Ahmed, ambako ujenzi ulianza 1846 na kumalizika 1856. Dunga nenda hasa, ukumbuke kuwa nyumba kubwa za mashamba hazikuwa za Waomani peke yao.

Wala nyumba kongwe si ya mawe tu. Nyumba ya fito na udongo wa kukandika huishi miongo michache, kisha hujengwa upya pale pale. Ukuta wake unaweza kuwa wa juzi na kiwanja chake cha karne mbili. Huko soma msingi, baraza na makaburi, usisome ukuta.

Nne: zunguka nje

Tafuta sakafu ya kuanikia karafuu, uwanja mpana wa chokaa au saruji mbele ya nyumba. Ukubwa wake hukupa picha ya shamba lilivyokuwa. Tafuta kisima, birika, mfereji, mahali pa banda la watu, msikiti mdogo. Angalia miti: safu ya miembe mikubwa iliyonyooka huwa ni njia ya zamani ya kuingilia.

Kisha makaburi. Usiyakanyage, toa salamu, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Kaburi lenye maandishi hukupa jina na mwaka, vitu ambavyo mlango hauwezi kukuhakikishia, kwani kaburi halihamishwi. Yale yasiyo na maandishi, yenye mawe mawili tu, yahesabu pia na uyaweke kwenye ramani.

Kwa kuoanisha ulichochora na ardhi ilivyo, kuna picha za angani zilizopigwa kwa droni visiwa vyote viwili katika mradi wa ramani wa Zanzibar ulioanza 2016. Sakafu ya karafuu iliyofunikwa na majani mara nyingine huonekana juu kama mraba wa rangi nyingine.

Tano: wazee

Hapa adabu ndiyo kazi yenyewe. Nenda na mtu wa kiambo hicho, keti barazani, usitoe simu. Na kabla ya swali lolote, sema wazi kwamba hukuja kudai ardhi wala hukutumwa na anayedai. Usidhani ni jambo dogo. Ardhi yote ilitwaliwa na Serikali baada ya Mapinduzi, na maelfu ya watu wakapewa eka tatu tatu katika mashamba yaliyokuwa ya wengine. Anayekaa leo ana hofu yake. Aliyenyang'anywa, au mjukuu wake, ana uchungu wake. Unapotaja jina la mwenye zamani mbele ya mwenye sasa, wewe unaona historia, yeye anaweza kuona kesi. Kama mtu hataki kuzungumzia 1964, usimlazimishe. Omba akusimulie msimu wa karafuu.

Maswali yanayofungua kinywa ni ya maisha, si ya umiliki:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, zamani karafuu zikianikwa hapa, nani alikuwa akiziangalia usiku?"

Kwa swali hilo moja nimewahi kupata jina la msimamizi, la mkewe, la mbwa wao, na la bwana wa mjini aliyekuja na kulala siku mbili tu. Waulize wanawake hasa. Kwa sheria ya mirathi mabinti walirithi, na mashamba mengi yalikuwa kwa majina yao, ingawa wanaume ndio hutajwa kwa sauti.

Wazee hawahesabu kwa miaka, huhesabu kwa matukio, kwa hiyo nenda na orodha yako: kimbunga cha 1872, kilichoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuifanya Pemba kuwa kisiwa cha karafuu, kupigwa mizinga kwa jumba la mfalme, Agosti 1896, amri ya 1897 ya kuondoa utumwa kisheria, Vita vya Ng'ombe (ghasia za wakulima waliokataa ng'ombe wao wachanjwe), 1951, Zama za Siasa (miaka ya ushindani wa vyama kabla ya uhuru), 1957 hadi 1963, Mapinduzi. "Baba alizaliwa Vita vya Ng'ombe, na nyumba tayari ilikuwa haina paa" ni tarehe nzuri kabisa. Jihadhari na "zama za Sayyid Khalifa." Khalifa bin Said alitawala 1888 hadi 1890 tu, Khalifa bin Harub alitawala tangu 1911 hadi 1960, na kwa kawaida ndiye anayekusudiwa.

Kila habari iandike pamoja na namna msemaji alivyoipata: ameona mwenyewe, ameambiwa na mama yake, au amesikia watu wakisema. Usizichanganye hizo tatu.

Sita: karatasi

Anza na za nyumbani. Familia nyingi zina khati kwenye kisanduku au mfuko wa plastiki, kwa Kiarabu au kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Omba kuipiga picha mbele yao, pande zote mbili kwa sababu nyuma huwa na saini za mashahidi, na usiondoke nayo hata kwa dakika tano.

Kisha nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani, mjini Unguja. Omba madaftari ya usajili wa khati, majalada ya mirathi na majalada ya wakfu. Kwa nyumba au shamba lililowekwa wakfu, Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana nayo ina kumbukumbu zake. Usimamizi wa serikali wa wakfu ulianza 1905, kwa hiyo mfululizo ni mrefu. Pitia pia gazeti la serikali, lililoanza 1892: matangazo ya minada ya mashamba na ya mirathi humo yana majina, mahali na mara nyingine idadi ya miti. Kama nyumba ilikuwa ya misheni, kwa mfano Mbweni kwa UMCA (misheni ya Kianglikana) au Banani kwa Friends (Wakweka) huko Pemba, karatasi nyingi ziko Uingereza, Oxford na London. Andika namba ya jalada kila unapogusa karatasi, hata unapoona haina kitu.

Sasa kusoma. Angalia fedha: bei ya reale huelekeza karne ya 19, rupia hufika hadi 1935, shilingi ni tangu 1936. Usitafute eka katika khati za zamani. Shamba lilipimwa kwa idadi ya minazi na mikarafuu, na mipaka yake ikawa majirani: kusini shamba la fulani, mashariki njia. Hao majirani waandike wote, kwa sababu jina la jirani ndilo litakalokuonyesha kama khati mbili ni za shamba moja.

Tarehe ya Hijria igeuze hivi: zidisha kwa 0.97, ujumlishe 622. Mwaka 1305 huwa 1265.85, ukijumlisha 622 unapata karibu 1888. Kwa hakika ulianza Septemba 1887. Na tarakimu zisikuchezee: katika maandishi ya Kiarabu duara ni tano, nukta ndiyo sifuri. Anayeliona duara akadhani sifuri atausoma 1305 kama 1300, na kosa la miaka mitano linatosha kumpa nyumba mtoto badala ya baba.

Majina ya ukoo yaliandikwa na makarani kila mmoja alivyosikia. Al-Harthy atakuwa Harthi, Harthy, Hirth. Fuata mnyororo wa "bin" na "binti" hadi kwa babu kabla ya kusema watu wawili ni mmoja. Anayetajwa bila jina la baba, kwa "hadimu wa fulani" au "huru wa fulani," huyo ni mtumwa aliyeachwa huru. Usimruke. Wengi wao walipata kiwanja na miti michache, na khati yao ndogo inaweza kuwa ndiyo pekee inayotaja banda ulilolikuta nyuma ya nyumba.

La mwisho katika karatasi ni bei khiyari. Utakuta shamba na nyumba vimeuzwa kwa mfanyabiashara wa mjini, mara nyingi Mhindi, na utaandika kuwa nyumba ilibadili mwenyewe. Soma hadi chini. Kama kuna muda wa kukomboa, au muuzaji anaendelea kukaa kwa kodi, ule ulikuwa mkopo uliovikwa nguo ya mauzo, kwa kuwa riba ni haramu na mkulima alihitaji fedha kabla ya msimu. Kodi ndiyo iliyokuwa faida ya mkopeshaji. Familia inaweza kuonekana "imeuza" mara tatu bila kuhama hata siku moja. Tafuta khati ya kukomboa miaka inayofuata kabla ya kumwingiza mwenye mpya kwenye orodha.

Saba: panga na urudishe

Chora meza yenye safu tano, kwa wale watu watano: ardhi, miti, ujenzi, makazi, baada ya 1964. Mistari iwe miaka. Kila jina liwe na chanzo chake pembeni: U kwa ukuta, K kwa kaburi, M kwa mdomo, H kwa khati. Jina lenye M peke yake liandike kwa penseli. Safu ya makazi itakuwa na nafasi nyingi tupu. Ziache tupu, usizijaze kwa kukisia.

Toa nakala tatu za ramani, picha na meza: moja kwa wenye kiambo, moja kwa sheha, moja kwa Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Ya kiamboni ichapishe kwa herufi kubwa na uipeleke mwenyewe. Bibi yule aliyenirekebisha kuhusu mlango alisomewa yote na mjukuu wake, akanyamaza, kisha akaniambia nimemsahau mpishi. Nikatoa penseli, nikakaa tena chini.